Fundi Aliyeacha Nyuzi Zikining'inia

Ukiwa mjamzito kwetu Yamumbi wakati ule, rinda lako lilikutangaza kabla ya tumbo. Nyuma, chini kabisa kwenye pindo, kulikuwa na uzi unaoning'inia, urefu wa kidole, haujakatwa na haujafungwa. Mgeni angekufuata barabarani akuambie, "Mama, uzi wako unatoka." Mwenyeji hakusema kitu. Alijua huo ni uzi wa Fundi, na kwamba ndani ya hilo rinda kuna watu wawili.

Naandika habari za mama huyu kwa sababu kuna jambo nilimfanyia na sikumwambia kwa miaka saba. Nilimwacha abebe lawama yangu. Sikumwibia, sikumsema vibaya, nilinyamaza tu, lakini kunyamaza huko kulimfanya aache kazi aliyoipenda kuliko chakula. Nitafika hapo. Kwanza nataka aonekane vile alivyokuwa, maana nikianza na kosa langu nitajiandika mimi na kumsahau yeye. Nilisoma mpaka darasa la nane tu na wako watu ambao wangeandika haya vizuri zaidi, lakini hao hawakukaa kwenye benchi ya kibanda chake.

Alikotoka sijui vizuri. Wateja Wakalenjin aliwaongelesha Kikalenjin, sisi tuliotoka upande wa magharibi akatuongelesha Kiluhya, na akikasirika aliongea Kiswahili, ili kila mtu asikie. Nilimuuliza mara moja kwao ni wapi. "Kwetu ni hapa nimesimama," alisema. "Inua mkono nipime kwapa."

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, katikati ya kinyozi na mama wa kuuza dawa za ng'ombe. Ndani kulikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita ambayo hakuitoa kwa sababu picha ilikuwa nzuri, na benchi moja ya wenye mimba. Mwanamume hakukaa kwenye hiyo benchi, hata iwe tupu, hata awe na miaka themanini na fimbo.

"Simama tu, Mzee," angemwambia. "Hii imeshikiwa."

"Imeshikiwa na nani?"

"Hajazaliwa."

Sheria yake kubwa ilikuwa ya fundo. Fundi hakufunga fundo hata moja kwenye nguo ya mwenye mimba. Kwenye cherehani alianza kwa kurudisha sindano mara tatu pale pale, akamaliza vivyo hivyo, na kwenye pindo, ambalo alilishona kwa mkono, aliacha mkia wa uzi. Mwenye mimba, alisema, asitembee na kitu kilichofungwa, mtoto akianza safari asije akakuta njia imefungwa. Ukishajifungua ulirudi na mtoto mgongoni na rinda kwenye mfuko. Hapo ndipo alipoufunga ule uzi, akaukata kwa meno na kusema, "Haya, sasa ni rinda kama marinda mengine." Wanawake wengi walilia kidogo wakati huo, na Fundi alijifanya anatafuta makasi ili wamalize.

Kwa haki lazima niseme kwamba mapindo hayo yalianguka. Yalianguka sokoni, yalianguka kliniki, yalianguka kanisani wakati wa kwenda mbele kutoa sadaka. Jumapili moja niliona wanawake watatu kwenye mstari mmoja wanafagia kanisa kwa marinda yao, na kijana mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake kwamba hiyo ndiyo fasheni mpya. Ukimlalamikia Fundi alikujibu, "Pindo lianguke, bora wewe usianguke," na hapo mazungumzo yakaisha.

Tumbo pia hakulipima kwa namba. Mabega alipima kwa tepu ya kawaida, urefu kwa tepu ya kawaida, lakini akifika tumboni aliweka tepu kando na kutoa utepe mweusi usioandikwa kitu. Aliuzungusha, akaubana kwa vidole mahali ulipokutana, akaenda nao mezani hivyo hivyo bila kuongea. Kumtajia mtoto namba kabla hajaja ni kumhesabu, na yeye hakutaka kumhesabu. Matokeo yake ni kwamba marinda yake yalikuwa mapana kama hema. Rafiki yangu mmoja alisema kwenye lake angeingiza kabichi sita na mume wake asijue. Simwongezei Fundi sifa: alikuwa fundi mzuri wa uniform za shule, lakini kwa marinda ya mimba hakuna aliyeenda kwake ili apendeze.

Nguo za mtoto hakushona kabla ya kuzaliwa. Wanaume ndio waliokosea sana hapo, wakifika na furaha yao na kitambaa cha manjano.

"Nishonee ya mtoto, Mama."

"Mtoto gani?"

"Si mke wangu, unajua..."

"Mke wako nilimuona jana. Niliona mwanamke ameshiba."

Na bado, habari ya kuzaliwa ikifika asubuhi, saa sita mchana nguo zilikuwa tayari, kofia na soksi. Nilishangaa mkono huo wa haraka mpaka siku moja nilipoinama kuokota kifungo nikaona, kwenye droo iliyobaki wazi chini ya uniform, vitambaa vidogo vidogo vimekatwa, vimepangwa, vinangoja tu kuunganishwa.

"Hivi ni nini, Mama?"

"Viraka."

"Viraka vya miguu midogo hivi?"

"Wewe, magunia yako ya kushona kazini yameisha?" alisema, akaifunga droo kwa goti.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa mambo ya zamani peke yake. Hakumpima mwanamke yeyote kabla ya kuona kitabu cha kliniki. Alikifungua kurasa zote, akasoma kwa kidole kama karani. "Hapa wameandika damu iko chini. Umekula mboga lini?" Ukisema jana, alikuangalia macho, akavuta kope chini kwa kidole gumba, na kama hakuridhika aliandika jina lako mwisho wa foleni. Msichana mmoja alikuja mikono mitupu.

"Kliniki nitaenda mwezi ujao, Mama."

"Basi na mimi nitakupima mwezi ujao."

"Lakini sina nguo inayoniingia."

"Kliniki inafunga saa saba. Ukitembea bila kuongea na watu njiani utanikuta bado niko hapa."

Msichana alienda na akarudi. Waliomcheka Fundi kwa ajili ya fundo hawakujua kwamba wengi wetu tulifika kliniki mapema kwa ajili ya rinda.

Mlangoni hakuruhusu mtu kusimama. Mtoto aliye tumboni, kulingana naye, husikia tabia za mlango, na akizoea kusikia mtu amesimama nusu ndani nusu nje, siku yake ikifika na yeye atasimama afikirie. Pastor alikuja siku moja kuulizia majoho ya kwaya, akasimama pale pale na mguu mmoja ndani. Sisi wawili wenye mimba tulikuwa kwenye benchi.

"Pastor, ingia ama utoke."

"Nauliza tu, Mama, majoho yako tayari?"

"Ingia ama utoke."

"Lakini mimi sina mimba."

Fundi alimwangalia tumbo, ambalo kusema kweli lilikuwa limeanza kukua tangu ahamishiwe kwetu. "Hatujui," alisema. "Ingia."

Akaingia, na akakosa pa kukaa.

Kanisani Fundi mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na kwa maombi hakuna aliyemshinda. Waganga aliwakemea mpaka maikrofoni ikakwaruza. Mwanamke mmoja aliyeuza dawa za kupata mtoto alimjia na shauri kwamba wafanye kazi pamoja: yeye alete dawa, Fundi aishonee ndani ya mkanda wa rinda. Fundi alimfukuza na rula ya mita moja mpaka kwa kinyozi, na kinyozi akasimama na mashine mkononi, kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akiangalia.

Nilimuuliza baadaye, kwa adabu, tofauti ni nini kati ya dawa kwenye mkanda na uzi usiofungwa. Hakukasirika. Alizungusha gurudumu la cherehani polepole kwa mkono.

"Mganga anaahidi," alisema. "Mimi umewahi kunisikia nikiahidi mtu kitu?"

Sikuwahi.

"Mimi siamini. Mimi nafuata tu."

Nimeligeuza neno hilo miaka mingi. Siku nyingine naliona zito. Siku nyingine naona alikuwa anakwepa swali kama sisi wengine.

Kitu chake kilichokaribia uganga zaidi kilikuwa kipande. Mwanamke aliyetafuta mtoto bila kupata alishonewa ndani ya kiuno cha rinda kipande kidogo cha nguo ya mwanamke aliyezaa salama. Vipande hivyo alivitunza kwenye kopo la majani ya chai, na hakuandika kipi ni cha nani, kwa sababu alisema anavijua kwa kushika. Mke wa mwalimu mmoja alipewa kipande, na mwaka ulipogeuka akazaa mapacha. Mwalimu alikuja mwenyewe. Alisimama nje kabisa, kwenye jua, kwa sababu alijua sheria ya mlango.

"Mama, sisi tulikuwa tumeomba mmoja."

"Na huyo mmoja hukupata?"

"Nilipata."

"Basi yule mwingine ni wa Mungu. Nenda ukamuulize yeye."

Niandike pia kwamba nawajua wawili waliovaa kipande na hawakupata. Mmoja alirudisha rinda. Fundi alilipokea kwa mikono miwili, akafumua mshono, akakitoa kipande, kisha akakaa naye kwenye benchi mpaka mama wa dawa za ng'ombe akafunga duka lake. Watu walikuja na uniform zao, wakaona, wakarudi.

Kulikuwa na msichana wa chuo kikuu aliyekuja kutoka Chepkoilel na simu ya kurekodi. Alikuwa na adabu, alileta sukari. Aliweka simu juu ya meza na kuuliza, "Mama, nyuma ya hili jambo la fundo kuna imani gani hasa?" Fundi aliinama mdomo ukakaribia kugusa simu. "Uliza mamako," alisema, akaendelea kushona. Msichana alichukua simu yake, akashukuru, akaenda. Zaidi ya mwaka ulipita kabla hajarudi, na safari hiyo mkononi alishika kitabu cha kliniki.

"Mamako alisema nini?" Fundi alimuuliza.

"Alisema nije kwako."

Sasa mimi. Kazi yangu ni kwenye stoo ya mahindi, ninashona midomo ya magunia. Gunia linajazwa, linapimwa, linakuja kwangu, sindano inapita mara kumi na mbili, fundo mbili, nalisukuma, linakuja lingine. Fundi aliniita Mama Gunia hata kabla sijawa mama wa mtu. Mimba ya kwanza ilipofika alinishonea rinda la bluu lenye maua meupe, na nilifurahi nalo, hata kama lilikuwa hema.

Mimba ikiwa ya miezi minane, katikati ya stoo, lori linapakiwa, pindo likaanguka. Nilikanyaga nikajikwaa. Mpakiaji mmoja akasema, "Mama, pazia imeanguka, tufunge ofisi?" na wote wakacheka. Hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyeninyanyulia maji kila asubuhi. Lakini niliona haya. Nilienda nyuma ya magunia, nikalirudisha pindo, nikaupitisha ule mkia wa uzi hapa na pale, nikafunga. Mikono yangu ilikuwa imeshafunga fundo mbili kabla kichwa hakijauliza. Nilijaribu kuzifungua kwa kucha, zikakataa, na lori lilikuwa linangoja. Nikasema nitafungua nyumbani. Nyumbani nikasahau. Huo ndio ukweli wote. Sheria niliijua.

Uchungu ulipoanza ulikaa siku mbili, na mwishowe walinipasua. Daktari alinieleza kwamba kichwa cha mtoto kiliingia vibaya, kwamba hutokea, na kwamba si kosa la mtu. Nilimwamini na bado namwamini. Msichana wangu alitoka mzima na hasira zake.

Mama mkwe alikuja kunisaidia. Alinipikia, alinifulia, na kwa hilo sitamsema vibaya. Lakini kwake mwanamke hapasuliwi bure, lazima kuna kitu amevunja. Kila siku aliuliza, kwa upole tu: nilikula nini, niliruka nini, niligombana na nani. Alitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo, anainua kila kitu na kukirudisha.

Mtoto alipofika mwezi mmoja nilimpeleka kwa Fundi pamoja na rinda, na mama mkwe akaja nasi. Tulikaa kwenye benchi. Fundi alimshika mtoto, akamnusa kichwa, akamrudisha. Akachukua rinda ili amalize kazi. Kidole chake kilitembea kwenye pindo, kikasimama. Alilipeleka dirishani.

"Hapa kuna fundo," alisema.

Mama mkwe aliinua kichwa.

Fundi aliliangalia muda mrefu, akaligeuza. Ulikuwa uzi wake mwenyewe, ule aliouacha. "Ni mimi," alisema. "Hakuna mwingine anagusa hizi nguo. Mkono wangu umesahau."

"Wazee tunasahau," alisema mama mkwe kwa sauti ya kusamehe, na nikaona uso wake umetulia. Alikuwa amepata ufunguo wake.

Nilitaka kusema. Lakini nilikuwa na mshono unaouma, mtoto wa mwezi mmoja, na mwanamke pembeni ambaye angelirudisha jibu kwa ukoo mzima. Nikanyamaza. Fundi aliniomba msamaha amesimama. Aliniomba msamaha kwa zile siku mbili, na mimi nikamwambia, "Hakuna shida, Mama."

Wiki hiyo hiyo nilipita hapo nikamwona mwanamume amekaa kwenye benchi, anangoja suruali.

Hakushona tena rinda la mimba. Wanawake walikuja na vitabu vyao vya kliniki, akavisoma, akawaambia wale mboga, akawaelekeza kwa fundi mwingine. Watu walisema ni macho. Mimi nilijua si macho. Kila tulipokutana aliniuliza, "Mshono unauma?" na kila Krismasi alimshonea msichana wangu rinda, na mimi nikalipokea na kumvalisha. Nilijiambia kwamba amezeeka, bora apumzike. Nilijiambia nangoja mama mkwe asiwepo. Mama mkwe alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na bado sikusema, kwa hivyo siwezi kumwekea yeye lawama hiyo.

Mwaka jana mwana wa Fundi alimchukua mama yake akakae naye mjini, mtaa wa Elgon View. Akina mama wa kanisa walienda kumwona, wakarudi na habari kwamba mjukuu wake ana mimba ya kwanza, miezi saba, na alimwomba nyanya yake amshonee rinda hata moja. Alikataa. Msichana alilia mbele yao, na Fundi akasema mkono wake ni mbaya, atamharibia. Niliposikia hilo sikulala vizuri. Jumamosi nilioga nikaenda.

Mjukuu ndiye aliyenifungulia geti. Alikuwa amevaa shati la mume wake na vifungo viwili vya chini havikufika.

"Wewe ni wa church?"

"Ni wa Yamumbi."

"Shosho yuko nyuma kwa jua. Msalimie, lakini usimwambie mambo ya nguo. Mimi nimejaribu nikachoka."

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa cha ngozi kilichotolewa nje kwa ajili yake. Amekuwa mdogo. Lakini sauti yangu aliijua kabla sijafika.

"Mama Gunia. Umenona ama ni macho yangu?"

"Ni yote mawili, Mama."

Alicheka, akanionyesha kiti cha plastiki. Aliniuliza kama mshono unauma. Nikaona nikijibu hilo swali tena sitasema kamwe.

"Mama, ile fundo ya rinda yangu ni mimi nilifunga."

"Fundo gani?"

"Ya rinda ya bluu. Ilianguka kazini, watu wakacheka, nikafunga. Haikuwa wewe."

Kwa jirani kulikuwa na mashine ya kukata nyasi, na alingoja mpaka ikanyamaza.

"Ulikuwa umekaa na mama mkwe," alisema.

"Ndiyo. Lakini yeye alifariki, na bado sikusema."

"Ni miaka mingapi?"

"Saba."

"Unajua ni wangapi niliwarudisha?"

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui. Ningejua ningekutajia mmoja mmoja, ukae hapa mpaka giza."

"Nilikukosea."

"Sana," alisema. "Usifikiri nitasema ni kidogo."

Sikufikiri hivyo. Aliinua mkono wa kulia, akausogeza karibu na macho, akakunja vidole na kuvifungua.

"Kwa hivyo huu haukusahau."

"Haukusahau, Mama."

"Nimekaa nikingoja usahau vingine. Kijiko. Kifungo. Kila asubuhi naamka nauliza, leo ni nini." Akauweka mkono kwenye paja, akaufunika na ule mwingine. Nilitaka kulia, lakini machozi hayo yalikuwa yake, si yangu.

Kisha, kwa sababu sijui kuacha vitu, nikamuuliza kama ni kweli fundo ndilo lililofunga njia.

"Daktari alisema nini?"

"Kichwa kiliingia vibaya."

"Basi mwulize daktari. Mimi ni fundi." Akageuza uso kuelekea nyumba. "Mwite huyo msichana. Mwambie alete kile kitambaa ameficha chini ya kitanda akidhani sijui."

Mjukuu alikuja mbio kuliko vile mwenye miezi saba anavyopaswa, na Fundi akamgombeza kwa hiyo mbio kabla ya kitu kingine. Kitambaa kilikuwa cha kijani, bado kiko kwenye karatasi ya duka. Alikikunjua juu ya magoti, akakinusa, akaomba makasi ya jikoni, akayalaumu makasi, akakata. Alikata polepole, ulimi nje kidogo, na mstari ulitoka umenyooka. Mjukuu alisimama hapo ameshika mgongo, kama mtu anayeogopa kwamba akisema neno makasi yatasimama.

Tundu la sindano Fundi hakuliona. Alijaribu mara mbili, akaninyooshea.

"Tunga."

Nikatunga. Halafu nikashika na kona ya kitambaa, nimsaidie kukivuta.

"Nimesema tunga. Sijasema shika."

"Sawa, Mama."

"Rudi kwa kiti. Mikono juu ya magoti, niione."

"Lakini macho hayaoni, Mama."

"Hiyo yako naona."

Nikarudi, nikaiweka juu ya magoti. Baadaye mjukuu alileta chai, akaniwekea kikombe karibu. Nilikuwa na kiu tangu getini. Nilingoja, nikaona hanikumbuki, nikauliza.

"Mama, kikombe naweza kushika?"

Aliuvuta uzi mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

"Kikombe shika," alisema.